Maana ya Maneno: Marumaru, na Kile Kifananacho na Marumaru

Miongoni mwa maneno yanayopendwa sana na wajenzi, wenye maduka na wenye nyumba ni neno marumaru. Husikika bara na pwani, mjini na shambani, na kila alitamkaye hudhani kwamba msikilizaji wake amekwisha kuelewa. Lakini wakiulizwa watu watatu maana yake, huenda yakapatikana majibu matatu. Wa kwanza atasema kwamba marumaru ni jiwe lichimbwalo ardhini. Wa pili atasema ni vigae ving'aavyo ambavyo hutandazwa sakafuni. Wa tatu atasema ni ile nakshi yenyewe, yaani mishipa ya rangi itambaayo juu ya weupe, iwe juu ya jiwe, karatasi, kitambaa au keki. Neno moja likibeba mizigo mitatu hapana budi mmoja uanguke, na mara nyingi anayeumizwa na mzigo huo ni mtu asiye na kosa.

Na ichukuliwe mfano wa ndugu wawili waliofiwa na mama yao. Mkubwa alikuwa na kazi mjini, na mdogo alikaa nyumbani akitunza shamba. Ulipotimia mwaka, mkubwa alituma fedha pamoja na maneno machache: "Funika kaburi la mama kwa marumaru." Mdogo alikwenda dukani akaomba marumaru. Alionyeshwa vipande vyeupe vyenye mishipa ya kijivu, vikimetameta kama kioo, akaona vyamfaa mama yake. Alilipa, akapewa stakabadhi iliyoandikwa neno hilo hilo, marumaru, akamwita fundi, na kazi ikaisha.

Baada ya masika mawili pembe za vipande zilianza kubanduka, na chini ya weupe ule ukaonekana udongo mwekundu. Mkubwa alipokuja likizo alisimama kaburini kitambo kirefu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Fedha nilizotuma zilikwenda wapi?"

"Kaka, nilinunua kile ulichosema. Stakabadhi hii hapa."

"Hii si marumaru. Huu ni udongo."

"Mwenye duka aliuita marumaru, kaka, na karatasi yasema hivyo hivyo."

Tangu siku ile ndugu hao hawakula tena sahani moja. Mmoja alijiona ameibiwa, na mwingine alijiona amesingiziwa wizi mbele ya kaburi la mzazi wake. Habari ya namna hii yaweza kutokea katika mji wowote, na kabla ya kumtafuta mwenye hatia yafaa neno lenyewe lichunguzwe.

Neno marumaru si la asili ya Kibantu. Waajemi na Waarabu husema marmar, na Waturuki husema mermer. Wayunani wa kale walisema marmaros, nao walilihusisha jina hilo na kitenzi chao chenye maana ya kung'aa. Warumi walilichukua wakasema marmor. Kutoka kwao likafika Ufaransa likawa marbre, na Waingereza wakalipokea kutoka huko. Hata bahari ndogo iliyo karibu na mji wa Istanbul, iitwayo Bahari ya Marmara, ilipata jina lake kwa kisiwa ambacho tangu zamani huchimbwa jiwe hilo. Kwa hiyo jina hili limesafiri safari ndefu kuliko wengi walitumialo, na katika masimulizi ya Wayunani sifa yake ya kwanza ilikuwa mng'ao. Sifa ya mishipa na mawingu ya rangi ilifuata baadaye.

Lilipofika katika Kiswahili jina hilo liliongezwa irabu, kwa kuwa ulimi wa Mswahili haupendi kuziachia konsonanti zigongane wala kufunga neno. Marmar likawa marumaru. Wengine walisema marimari, na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilitumia neno hilo la pili kwa kile kibweta alichokibeba mwanamke aliyemmiminia Yesu mafuta ya thamani. Mafuta yenyewe yaliitwa marhamu. Yafaa msomaji ajihadhari hapo: marimari ni jiwe la kibweta, na marhamu ni dawa ya kupaka iliyomo ndani yake. Sauti zakaribiana, lakini hazina udugu.

Jambo la pili la kuangaliwa ni umbo la neno. Kwa kuwa laanza na ma-, wako wadhanio kwamba ni wingi, kama vile matumbawe ni wingi wa tumbawe. Lakini hakuna rumaru moja. Silabi ile ni sehemu ya mzizi, wala si kiambishi. Kwa sababu hiyo husemwa marumaru hii na marumaru hizi, marumaru nyeupe na marumaru nzuri. Au, kwa usalama zaidi, jiwe la marumaru na mawe ya marumaru. Tena neno laonekana kana kwamba limerudufiwa kwa desturi ya Kiswahili, kama madoadoa au miliamilia, ambayo kwa kurudiwa huonyesha kitu kilichotapakaa. Pengine kufanana huko kumewavuta watu walione kuwa jina la nakshi. Hata hivyo, kurudiwa kwake kulikuwako tangu kwa Wayunani, na hakuonyeshi kutapakaa kwa kitu chochote. Asili yake ni jina la jiwe.

Jiwe hilo lilipatikanaje? Hapo kale za kale, chini ya bahari, yalilundikana magamba ya konokono, kome na viumbe wengine wadogo, pamoja na matope ya chokaa. Yalishindiliwa yakawa mawe ya chokaa. Baadaye, katika mageuzi ya dunia, mawe hayo yalizamishwa ardhini, yakapata joto kali na kugandamizwa na uzito mkubwa kwa muda wa mamilioni ya miaka. Hayakuyeyuka, bali chembe zake zilijipanga upya zikawa fuwele zilizoshikana, mfano wa sukari guru iliyokauka. Hiyo ndiyo marumaru. Chokaa iliyokuwa safi ilitoa jiwe jeupe. Ile iliyochanganyika na udongo, chuma au vitu vingine ilitoa mishipa: chuma huleta wekundu na manjano, na masalio ya mimea na viumbe yaliyogeuka kaboni huleta kijivu na weusi. Basi mishipa inayosifiwa na watu asili yake ni uchafu. Isitoshe, haikuchorwa juu ya jiwe. Imepita ndani kwa ndani, na jiwe likikatwa popote mishipa huonekana.

Nchini Kenya marumaru huchimbwa katika sehemu za Kajiado, kusini ya Nairobi. Watu wa pwani nao wanaishi juu ya jamaa yake wa karibu, kwa maana matumbawe pia ni chokaa iliyofanyizwa na viumbe wa baharini. Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni ya matumbawe, na nyumba za mawe za Lamu vilevile. Matumbawe hayakupata joto lile la chini ya ardhi, ndiyo maana yangali na matundu na hayapokei mng'aro. Wazee wa pwani walilijua vema pambanuo hilo. Jiwe la kujengea waliliita jiwe, chokaa wakaiita chokaa, na jina la marumaru wakaliweka kwa lile jiwe ling'aalo lililoletwa na vyombo kutoka ng'ambo. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, lilitandazwa marumaru sakafuni, na kila aliyeingia alifahamu kwamba amekanyaga kitu cha gharama.

Sasa na itazamwe jinsi jina la jiwe lilivyogeuka kuwa jina la nakshi, kwa maana hapo ndipo mchanganyiko ulipoanzia. Mahali pake ni katika karatasi. Huko Japani, tangu karne ya 12, mafundi walidondosha wino juu ya maji yaliyotulia, wakaupuliza polepole ukajichora, kisha wakalaza karatasi juu yake na kuinyanyua ikiwa imenasa mchoro. Wao waliita sanaa hiyo suminagashi, maana yake wino uelemao. Waajemi nao walikuwa na karatasi yao waliyoiita abri, yaani yenye mawingu. Waturuki wakaiita ebru, na kazi yao ndiyo iliyosifiwa kuliko zote.

Fundi wa ebru huyafanya maji yawe mazito kwa utomvu wa mti. Rangi zake huzisaga, kisha huzitia nyongo ya ng'ombe, kwa kuwa nyongo huzifanya zienee juu ya maji bila kuzama wala kuchanganyika. Hutumia burashi ya manyoya ya farasi yaliyofungwa kwenye kijiti cha mwaridi, akanyunyiza rangi moja juu ya nyingine, akazikokota kwa sindano au kitana mpaka ziwe mawimbi, mishipa au maua. Ndipo hulaza karatasi mara moja tu. Karatasi ya pili haiwezi kutoka sawa na ya kwanza, hata kwa fundi yule yule na rangi zile zile. Waswahili husema, vyaelea vimeundwa. Na hapa methali hiyo yatimia kwa maneno yake yenyewe. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza sanaa ya ebru ya Uturuki katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Karatasi hizo zilipoenea Ulaya katika karne ya 17, watu wa huko hawakuona wino wala mawingu. Waliona nguzo na sakafu za makanisa yao, wakasema, hii ni karatasi ya marumaru. Kila taifa lilichagua mfano kutokana na kile kilicho mbele ya macho yake. Wazungu wakaendelea mbele, wakafanya jina la jiwe kuwa kitenzi, maana yake kutia kitu nakshi ya jiwe hilo. Leo hulitumia kwa karatasi, kwa keki ya rangi mbili, kwa nyama yenye mafuta yaliyopenya katikati ya misuli, na hata kwa manyoya ya paka.

Katika matumizi yote ya nakshi hiyo liko moja linalostahili kukumbukwa na kila mweka hazina. Wafungaji wa vitabu vya hesabu walikuwa wakitia nakshi ya marumaru kwenye kingo za kurasa, kitabu kikiwa kimefumbwa. Karani mwovu akichana ukurasa mmoja ili afiche deni au wizi, mchoro wa ukingoni ulikatika, na aliyekitazama kitabu kwa upande aliona pengo mara moja. Nako Marekani mwaka 1775, Benjamin Franklin alitafuta karatasi yenye ukingo wa nakshi hiyo kwa ajili ya noti za dola 20 zilizotolewa na baraza la makoloni yaliyokuwa yakipigana na Uingereza. Aliichagua kwa kuwa mwenye kughushi angeweza kuiga herufi, lakini kuiga mchoro uliojichora wenyewe majini ni kazi ngumu. Hivyo nakshi ile, ingawa ni mfano tu wa jiwe, iliwahi kuwa mlinzi wa fedha za watu. Ni ajabu kwamba jina lake hutumika leo kuzipoteza.

Je, Kiswahili kina jina gani kwa nakshi ya namna hii? Kwanza yafaa yahesabiwe majina yaliyomo nyumbani, kwa maana lugha hii si maskini. Madoa, au madoadoa, ni alama ndogo zilizotengana, kila moja na mpaka wake, kama juu ya ndege kanga au chui. Mabaka ni alama kubwa zisizo na umbo maalumu, kama juu ya ng'ombe mweupe mwenye mapande meusi. Milia ni mistari mirefu iliyopangwa, nayo imempa punda milia jina lake. Marakaraka ni mchanganyiko wa rangi nyingi zilizotawanyika bila mpango. Michirizi ni alama za kitu kilichotiririka, kama maji ya mvua ukutani. Mawaa ni madoa yanayoharibu, na ndiyo maana kitu kisicho na kasoro husemwa hakina waa.

Mtu akiitazama marumaru yenye mishipa ataona kwamba hakuna hata moja ya majina hayo liienealo yote. Si madoa, kwa kuwa haina vituo. Si milia, kwa kuwa haina mpango. Si mabaka, kwa kuwa mistari yake yatambaa na kugawanyika kama mito itazamwayo kutoka mlimani. Michirizi yakaribia, ila huonyesha kitu kilichoteremka kutoka juu kwenda chini, na mishipa ya jiwe huenda kila upande. Kwa hiyo si kosa kulikopa jina la jiwe ili kuisema nakshi. Kosa ni kulikopa bila kuonyesha kwamba ni la kukopa.

Kiswahili kina vyombo vya kuonyesha hivyo, navyo vyatosha. Kiunganishi cha -a, kikiwekwa mbele ya jina la kitu kama mti, jiwe au madini, humfanya msikilizaji adhani kwamba ndicho kitu kilichotumika. Meza ya mninga imefanywa kwa mninga. Pete ya dhahabu imefanywa kwa dhahabu. Vivyo hivyo sakafu ya marumaru ni sakafu iliyotandazwa jiwe la marumaru. Ikiwa kitu chafanana tu, na isemwe hivyo: vigae vyenye sura ya marumaru, karatasi yenye nakshi ya marumaru, kitambaa kilichochapwa mfano wa marumaru. Atakaye ufupi aweza kutumia ki- ya mfano na kusema nakshi ya kimarumaru, kwa kuwa kiambishi hicho huonyesha namna ya kitu, wala si kitu chenyewe. Nguo za kifalme si lazima ziwe zimevaliwa na mfalme.

Mahali pengine nakshi yaweza kusemwa bila jiwe kutajwa kabisa. Nyama ile isifiwayo na wapishi wa hoteli ni nyama yenye michirizi ya mafuta, na kila mchinjaji ataelewa. Mgeni akiambiwa kwamba atapikiwa nyama ya marumaru atayahofia meno yake. Keki nayo yaweza kuitwa keki ya rangi mbili, na hakuna mtoto atakayeikataa kwa sababu ya jina.

Katika keki kosa la jina huleta kicheko. Katika duka la vifaa vya ujenzi huleta hasara, na hapo yafaa mnunuzi ajue vitu vitatu vinavyouzwa chini ya jina moja. Cha kwanza ni marumaru yenyewe, jiwe lililokatwa kwa msumeno na kung'arishwa. Cha pili ni terazo, yaani vipande vidogo vya marumaru au mawe mengine vilivyochanganywa na saruji, kisha vikasuguliwa mpaka vikawa laini. Hiyo ina jiwe ndani yake, lakini si jiwe zima. Cha tatu ni vigae vya udongo uliochomwa tanuri, vikapakwa rangi na kioo juu. Siku hizi nakshi yake huchapwa kwa mitambo, kama gazeti lichapwavyo. Neno kigae ni la zamani. Lilikuwa jina la kipande cha chungu kilichovunjika na la kigae cha paa, na lasema kweli juu ya udongo. Huko Tanzania wengi huviita vigae hivyo marumaru, bila nia yoyote ya kudanganya. Ndiyo mazoea yao, na mnunuzi anayevuka mpaka na akumbuke hilo.

Vitu vyote vitatu vina kazi yake, wala hakuna cha kudharauliwa. Vigae vilivyochomwa sana ni vigumu, havinywi maji, na jikoni huishinda marumaru, kwa maana jiwe hilo huharibiwa na ndimu, siki na nyanya. Lakini vigae laini vya ukutani, vilivyofanywa kwa udongo unywao maji, havikufanyizwa kwa kaburi linalopigwa na jua na mvua. Kwa hiyo swali la mnunuzi si lipi jina lenye heshima zaidi, bali ni kitu gani hiki, na chafaa wapi.

Njia za kutambua si ngumu. Kwanza, kipande kitazamwe ubavuni. Katika jiwe, mishipa hupita mpaka ndani. Katika kigae, rangi huishia juu, na chini huonekana udongo wa rangi moja. Pili, vipande kumi vipangwe chini kwa pamoja. Mashine huchapa mchoro ule ule tena na tena, na mwenye macho ataona mshipa mmoja umepinda vile vile katika vipande viwili au vitatu. Jiwe haliwezi kujirudia, kama vile karatasi ya ebru isivyoweza. Tatu, kwa upande wa nyuma au kwenye kipande kilichovunjika, msumari wa chuma hukwaruza marumaru kwa urahisi, na kioo cha kigae kwa kawaida huukataa. Nne, tone la ndimu au siki likitiwa hapo hapo, jiwe huchemka kwa mapovu madogo, ingawa marumaru yenye magnesiamu nyingi huchemka kidogo tu. Jaribio hilo lisifanywe juu ya uso ung'aao, kwa kuwa tindikali itauondoa mng'aro, na hasara itakuwa ya mwenye mali.

Baada ya kutambua kitu, kiandikwe kwa jina lake. Stakabadhi isemayo marumaru peke yake haijasema neno. Na iandikwe jiwe la marumaru, au vigae vya udongo vyenye sura ya marumaru, pamoja na idadi, kipimo na bei. Mwenye duka mwaminifu hatachukia kuandika hivyo, na asiyependa amekwisha kumjulisha mnunuzi jambo la maana. Wazee walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Lakini mkakasi wenyewe hauna kosa ikiwa muuzaji amesema mapema kwamba ni wa mti.

Kufunika si udanganyifu. Taj Mahal ya Agra, kaburi ambalo Shah Jahan alianza kumjengea mkewe Mumtaz Mahal mwaka 1632, ndilo jengo la marumaru linalojulikana kuliko yote, na jiwe lake jeupe lilitoka Makrana. Hata hivyo ndani ya kuta zake mna matofali, na marumaru imefunika nje. Hakuna asemaye kwamba mfalme yule alidanganya, kwa kuwa kilichofunika ni jiwe la kweli na jina lake ni la kweli. Kaburi la mama wa wale ndugu wawili nalo lingaliweza kufunikwa kwa kigae cha udongo bila aibu yoyote, kama wote wangalijua kwamba ni kigae.

Mwisho wa mfano wao ulikuwa hivi. Mjomba wao, ndugu wa marehemu, aliwaita wote wawili, akaweka stakabadhi mezani. Hakuuliza fedha zilikwenda wapi. Alimwambia mkubwa, "Mpwa wangu, uliposema marumaru, uliona nini moyoni?" Mkubwa akajibu kwamba aliona zile nguzo za jiwe katika jengo analopita kila siku kwenda kazini. Mjomba akamgeukia mdogo. "Na wewe, ulipolisikia neno hilo?" Mdogo akasema, "Mjomba, sikupata kuziona nguzo hizo. Niliona kitu cheupe chenye mishipa, king'aacho, kama nilivyoonyeshwa."

Mzee akaomba hesabu. Ikasomwa bei ya vipande, saruji, mchanga na ujira wa fundi, na baki ambayo mdogo alikuwa ameitunza katika bahasha, akingoja kaka yake aje aipokee kwa mkono. Haikupungua hata shilingi moja. Mkubwa alizihesabu mara mbili, kisha akazirudisha bahasha mkononi mwa ndugu yake.

"Twende pamoja dukani," akasema. "Safari hii tutamwomba aandike ni kitu gani."